Hesabu ya Jumapili

Kila Jumapili Hemedi, msimamizi wa kundi la mafundi kompyuta mtandaoni, alihesabu ujumbe wa wiki nzima na kutangaza nani kaandika zaidi. Kwa miaka miwili jina la juu lilikuwa lile lile: Mwalimu Tunu.

Wiki hii Tunu alikuwa amelazwa hospitali, simu imebaki nyumbani. Aliporudi Jumapili asubuhi aliifungua kwa hamu, akiamini watu wamemuulizia.

"Wiki iliyopita ujumbe 310, wiki hii 94," Hemedi alikuwa ameandika. "Jamani, kundi limepumua!"

Vicheko vilifuatana. Shomari, ambaye Tunu alimwelekeza siku tatu mfululizo mpaka akaokoa mafaili ya ofisi yao, aliongeza: "Mwalimu kapotelea wapi? Asirudi haraka."

"Mama, wanasemaje?" binti yake aliuliza, akimletea uji.

"Wananipa pole."

Simu ikalia. Mgeni aliyejiunga siku hiyo aliandika kwamba kompyuta yake haiwaki na hajui aanzie wapi. Hakuna aliyemjibu. Tunu akavaa miwani, akaandika mstari mmoja, akaufuta, akaanza tena, uji ukipoa pembeni.