Mama Apumzike

"Sasa tumwache mama apumzike," daktari alisema kwa upole, mkono ukiwa juu ya mashine iliyokuwa ikimpumulia mgonjwa.

Kaka mkubwa akashusha pumzi. "Hapo umenena, daktari! Mnamdungadunga tu, hata usingizi hapati. Mwacheni apumzike." Tena akatabasamu, yeye aliyeuza lori lake juzi ili mashine ile isizimwe.

Mdogo wake wa kike, kitindamimba, akamsogelea. Yeye alikuwa ameambiwa asubuhi kwamba mama hataamka tena, akakosa pa kuanzia kumweleza kaka.

"Kaka..."

"Usianze. Mtu akichoka hulala." Akamfunika mama miguu, akapindia ncha za shuka vizuri, kama mtu aliyelelewa na fundi cherehani. "Naenda kumtafutia chai. Akiamka asikose kitu cha moto tumboni."

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Binti akaushika mkono wa mama. Kwenye kidole cha kati, subana ya kushonea ilikuwa imeacha alama ya mviringo ambayo hata uzee haukuifuta. Akaisugua taratibu, kama anayetaka kuitoa.

"Mmekubaliana?" daktari aliuliza, mkono ukirudi kwenye swichi ya mashine.

Viatu vya kaka vilikuwa bado vinasikika ukumbini. Angeitwa mara moja tu, angegeuka.

"Foleni ya chai ni ndefu, daktari," binti alisema, macho yakiwa palepale kidoleni. "Hatarudi upesi."