Taa ya Katikati

Gunvor alifungua pazia asubuhi, nje kungali giza, akaweka chini kikombe cha kahawa.

Taa saba za Krismasi dirishani kwa mjane wa ng'ambo ya ua zilizimika jana. Zimefuatana kwenye waya mmoja: moja ikiungua, umeme hukosa njia na zote hufa. Gunvor alikuwa amefurahi kimoyomoyo. Sasa sita zilikuwa zikiwaka, tena kwa ukali, na ya katikati imebaki giza.

Ujanja huo aliujua. Unaiviringishia taa mbovu karatasi ya chokoleti, ile ya bati inayong'aa, umeme unapita pale bila kizuizi, na nguvu iliyokuwa ikigawanywa kwa saba inagawanywa kwa sita. Mtaani, ujanja huo ni wa mumewe peke yake, naye alikuwa mezani akipaka mkate siagi.

"Umeingia kwa yule mama?"

"Mimi? Hata mlango wake siujui."

Gunvor alifunua boksi la chokoleti alilomnunulia mumewe. Zote zilikuwa zimevaa karatasi za dhahabu, isipokuwa moja.

Akaiweka kwenye sahani ya mumewe.

"Kula, mume wangu. Nguo yake umeisahau kwa mjane."