Jina la Pili kwenye Jalada

Skolastika alikaa katika chumba cha wageni cha monasteri, akausogeza mswada wake karibu na wavu wa chuma. Upande wa pili alikaa dada yake, ambaye sasa aliitwa Sista Benigna na hakutoka tena nje ya kuta zile.

"Wachapishaji wamekubali, dada. Joka wetu atakuwa kitabu."

"Yule mpelelezi? Hebu nisomee kidogo."

Skolastika alisoma mahali ambapo joka anachunguza wizi wa mishumaa kanisani, huku akijisemea: "Kwaresima hii nimefunga kutoa moto. Sasa naomba kiberiti kwa watu ninaowashuku. Wote wananihurumia. Mtu akishakuhurumia, utamkamataje?"

Sista alicheka mpaka akaziba mdomo kwa shela.

"Hilo la kiberiti nililisema mimi, tukichambua mchele."

"Ndiyo maana nataka jina lako liandikwe kwenye jalada, kando ya langu. Jina lako la nyumbani, Tasiana."

"Mdogo wangu, Tasiana nilimwacha mlangoni siku ya nadhiri."

"Wewe ulimwacha. Mimi bado ninaye."

Sista aliweka kiganja kwenye wavu, Skolastika naye akaweka chake, chuma cha baridi kikiwa katikati. Kengele ya masifu ya jioni ikalia.

"Niombee," alisema Sista, akaondoka.

Skolastika hakuinuka. Nyuma ya ukuta masista walianza kuimba zaburi, sauti zao zote zikiwa moja. Akafumba macho, akaitafuta humo ile sauti iliyokuwa ikimwita nyumbani utotoni aje kula.