Kidole Gumba cha Bochaberi

Walikijaribu mara tatu kwenye kipande cha gazeti, na mara tatu kidole gumba cha Bochaberi kiliacha doa jeusi tu, bila mstari hata mmoja. Miaka thelathini na minane ya kuchuma chai ilikuwa imekilainisha kama mgongo wa kijiko.

"Hakuna shida," alisema Kipngeno, mgombea wa kiti cha wadi. "Doa pia ni alama. Sasa weka hapa, mama. Cha kushoto."

Karatasi ilikuwa na nafasi nne upande wa chini. Tatu zilikuwa zimejaa: Rebeccah alikuwa wa kwanza kutia sahihi, wakafuata wazee wawili wa chini ya barabara. Wao watatu na Bochaberi ndio waliopakana na ploti tupu iliyo kando ya kituo cha kununulia majani chai, ploti iliyotengwa zamani kwa ajili ya zahanati.

Kipngeno hakuwa na maneno mengi. Alisema ana mambo matatu: zahanati kwanza, kisha barabara, kisha maji. Ila kaunti haiwezi kugusa ploti kabla majirani wote wanne hawajakubali kwa maandishi.

Rebeccah hakuhitaji kubembelezwa. Aprili iliyopita binti yake Nelvine alijifungulia nyumbani, akavuja damu, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kupelekwa hospitali ya Kapkatet. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara. Hakufika. Mtoto alibaki, na ndiye huyo aliyelala mgongoni mwa Rebeccah siku hiyo.

Bochaberi hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo.

"Hapa juu mbona ni peupe?"

Kipngeno alieleza kwamba maneno yatachapwa ofisini. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

"Basi yakishachapwa nisomewe, halafu nitaweka kidole."

"Na wewe kusoma hujui," Rebeccah alimwambia. "Maneno yatakusaidia na nini?"

"Ndiyo maana nauliza, Mama Nelvine. Wewe wa diploma umeweka bila kuuliza."

Wazee walicheka. Rebeccah hakucheka. Alimwambia mbele ya watu kwamba mtu aliyekuja kutoka Kisii kuchuma chai asiwazuilie wenyeji maendeleo. Bochaberi alifuta wino kwa leso, akajitwika kikapu, akarudi kwenye chai yake.

Kipngeno alikunja uso. Fomu zilikuwa zinafungwa siku hiyo, alisema, na bila jirani wa nne zahanati ingekwenda kijiji kingine. Rebeccah alimwambia amwachie karatasi na wino, arudi saa kumi. Yeye na Bochaberi walikuwa chama kimoja cha akiba kwa miaka tisa, na hakuna mtu aliyemjua yule mama kuliko yeye.

Saa kumi Kipngeno alikuta nafasi zote nne zimejaa, na kando ya alama ya mwisho jina la Bochaberi na namba yake ya kitambulisho, kwa mwandiko safi. Alimsalimu Rebeccah kwa mikono miwili. Alipoondoka, Rebeccah alinawa kwa sabuni ya unga, akanawa tena, akaenda kukama.

Agosti Kipngeno alishinda.

Novemba wafanyakazi walishuka kwenye ploti na vigingi na seng'enge. Rebeccah aliwapelekea chai na mahindi ya kuchemsha. Akamwonyesha msimamizi wao mahali ambapo wodi ya akina mama ingepata jua la asubuhi, na mahali ambapo gari la wagonjwa lingegeukia. Msimamizi alimwacha amalize.

"Mama," akasema, "hapa ni matangi ya petroli yanaingia. Ni ya mheshimiwa."

Wiki hiyo hiyo Rebeccah aliwaongoza majirani hadi ofisi ya ardhi. Bochaberi alikuja pia, bila kuitwa. Wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya wino.

Afisa alifungua faili, akawasomea maneno yaliyochapwa pale juu: sisi majirani wanne tunakubali ploti hii ikabidhiwe Bwana Kipngeno kwa biashara. Rebeccah alipiga meza. Alisema huo ni wizi, kwamba damu ya binti yake iko juu ya karatasi hiyo, na kwamba hatatoka hapo bila kusikilizwa.

"Iliwahitaji nyinyi nyote," afisa alisema. "Kama hata mmoja hakuweka alama yake, nasimamisha kazi leo."

"Mimi sikuweka," alisema Bochaberi.

Wazee waligeuka kumtazama. Alinyoosha kidole mwenyewe. Afisa alikipaka wino, akakibonyeza kwenye karatasi: doa. Kisha akaivuta faili karibu na dirisha. Alama ya pale ilikuwa na mistari safi ya mviringo, mtu angeweza kuihesabu.

"Hiki si chako," alisema. "Lakini wakili wa Kipngeno atadai mistari imefutwa na chai tangu wakati huo. Nikiituma Nairobi ichunguzwe, miaka miwili itakwisha na petroli inauzwa." Akaweka kalamu juu ya meza. "Mwenye kidole hiki akisimama hapa mbele yangu na kuandika kwamba ni chake, kesi imekwisha. Atafungwa, lakini ploti inarudi. Kuna anayejua ni cha nani?"

Mzee mmoja alisema hao ni watu wa Kipngeno. Mwenzake akaitikia. Bochaberi alikuwa akimtazama mtoto mgongoni mwa Rebeccah.

"Ni watu wa Kipngeno," alisema Rebeccah, kwa sauti kubwa kuliko wote, na chini ya leso iliyombeba mjukuu wake akakikunja kidole gumba cha kushoto ndani ya ngumi.