Bipu ya Alasiri

Siku ya tatu nayo, alasiri ikapita bila bipu.

Mwanabibi alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeokota kifaranga, macho hayabanduki kwenye kioo. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Wanawake wa mtaa mzima wa Bagamoyo, na wengine kutoka mtaa jirani wa Ibighi, walikuja kumwona mjukuu. Mkwewe Tausi aliruhusiwa kutoka hospitali ya Igogwe mchana uleule, baada ya kulazwa siku tatu. Uchungu ulimkamata ghafla, akatoka na kanga aliyovaa na kandambili, basi. Sasa watu walikunywa chai na kuichambua pua ya mtoto. Mwanabibi hakusikia hata neno.

"Pua ya Yussuph hii, msinibishie," alisema Saada, jirani wa ukuta mmoja, ambaye habari za mtaa zilianzia kwake. "Enhe, Tausi, jina mmepanga lipi?"

"Yussuph."

"Yussuph bin Yussuph!" Saada akaangua kicheko. "Hebu mwachie baba mtu jina lake alitumie kwanza, mwenzangu. Au mmeliingia ubia?"

Nyumba nzima ikacheka. Tausi hakucheka. Alikuwa akiitazama simu mikononi mwa Mwanabibi.

Yussuph ndiye mtoto pekee wa Mwanabibi. Alikuwa askari, na mwaka wa pili huu, ukiondoa likizo moja miezi tisa iliyopita, alikuwa ng'ambo ya mpaka, wamepelekwa kulinda amani. Mwanzoni alipiga kila Ijumaa, wakaongea mpaka salio likate. Miezi miwili iliyopita mambo yakageuka. Mwenzake wa kambini, Meshaki, alipita nyumbani na begi la nguo za Yussuph. Siku hiyo Mwanabibi alikuwa Kyela kununua mchele. Aliporudi mgeni alishaondoka, hata chai hakunywa, na Tausi alikuwa amekaa sakafuni na mimba yake, begi mapajani. Huko joto limezidi, Tausi akamweleza, ndiyo maana amerudisha masweta. Na ametuma ujumbe: kuongea basi. Waasi wamepata mashine za kunusa simu. Yeye atabipu mara moja tu, kila siku baada ya alasiri. Ukiona bipu, jua mzima. Usipokee. Usimpigie, hata iweje.

Mwanabibi hakuelewa mpaka alipokwenda kumuuliza Haruni, fundi simu wa mtaani.

"Kweli kabisa, mama," Haruni alimwambia. "Vita vya siku hizi ni vya mawimbi. Wanaziba redio, wanazipoteza njia ndege zisizo na rubani. Sasa simu ikikaa hewani, huyu anaipima kutoka huku, yule kutoka kule. Pale mistari inapokutana, ndipo bomu linaposhuka."

Tangu hapo Mwanabibi aliiogopa simu yake mwenyewe. Lakini kila alasiri ilitetemeka mara moja, namba ileile ya Yussuph, naye akasema alhamdulillahi, na chakula cha jioni kikapita kooni. Wakati mwingine alikifikiria kile kitochi cha mwanawe, kisimu cha vitufe. Yeye ndiye aliyemnunulia, cha betri ya wiki nzima, na mlio akamchagulia mwenyewe: jogoo, ili mtoto asipitwe na alfajiri. Kilipolia siku ya kwanza, kuku wa Saada waligeuza shingo. Mtaa mzima ulimcheka.

Sasa siku tatu kimya. Siku tatu hajala.

"Nampigia," alisema.

Vikombe vikatulia. Haruni, aliyekuwa amesimama mlangoni na zawadi yake ya sabuni, akaingia bila kuvua viatu.

"Mama, usifanye hivyo. Utamwonyesha alipo."

"Wanione mimi! Mimi nipo hapa!" Akaikumbatia simu kifuani. "Haruni baba, kama amelala porini na jeraha, nani anamtafuta? Na kama keshaondoka, simu yangu itamuua mara ngapi?"

"Mama, subiri." Tausi alikuwa akijaribu kuinuka, mtoto begani, jasho limemtoka. "Nipe dakika moja tu. Nikajinyooshe chumbani, nirudi. Atabipu. Leo atabipu, wallahi."

Saada akamkandamiza bega, akamkalisha.

"Kaa hapo! Mzazi haondoki na uji haujaisha. Haraka ya nini, chumba kinakimbia?"

"Dada Saada, niache..."

"Kunywa. Una pilipili manga huo, utakupa maziwa."

"Mama!" Tausi alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata leba. "Mama nakuomba, kwa ajili ya huyu mtoto, usipige!"

Mwanabibi alimtazama mkwewe, akamwonea huruma. Mke anampenda mumewe, Mungu amzidishie. Lakini yeye ndiye aliyemzaa. Akasoma Bismillahi, kidole kikabonyeza mara mbili kabla hakijapata mahali. Akaiweka simu sikioni.

Haruni alifumba macho, kana kwamba bomu lingeshukia pale pale sebuleni. Mwanamke mmoja akaanza kusoma Yasini kwa kunong'ona.

Uso wa Mwanabibi ukafunguka.

"Inaita," alisema. Machozi yalimtoka, akacheka katikati yake. "Jamani, inaita! Mwanangu yupo hewani!"

Na chumbani kwa Tausi, chini ya godoro, jogoo akawika.