Zamu ya Mama

Siku hizi kwenye karakana ya mtaa, ukimfundisha mtu ujuzi, unakutoka wewe na kumwingia yeye, na haukurudii. Zamu ya kufundisha nayo haikwepeki.

Mama alishafundisha kusuka mikeka, kupika vitumbua, hata kufunga khanga. Sasa namfunga mimi kila asubuhi.

Zamu yangu ilipofika nilijiona mjanja. Nilimfundisha Mama kuogesha mtoto mchanga, ili ujuzi ubaki humu nyumbani.

Leo alikuwa amempakata mwanangu Tunu juu ya beseni, akipima maji kwa kiwiko.

"Hebu mshike, nichukue taulo."

"Nimshike wapi, Mama?"

Akacheka. "Shingoni, Siwema. Si wewe uliyenifundisha?"

Nilinyoosha mikono, nikairudisha.

Bi Mwanaheri wa karakana akapiga hodi. "Mama Siwema, Jumamosi zamu yako. Unafundisha nini?"

Mama alimtazama Tunu. Hakuwa na ujuzi mwingine.

"Na safari hii si ndugu," Bi Mwanaheri akasema. "Mwanafunzi wako anatoka mtaa wa pili."

Mama aliendelea kummwagia Tunu maji, taratibu, ingawa mtoto alikwishatakata zamani.