Kidonge cha Asubuhi

Kila mwalimu hufungwa bangili inayomfanya aumie pale mwanafunzi wake anapoumia. Nami, mjinga, niliamini uonevu shuleni umekwisha. Nani angeacha mtoto apigwe, ilhali kofi linatua shavuni mwake mwenyewe?

Jumatatu, baada ya masomo, Mwalimu Ngaiza aliniita ofisini. Alikuwa amejishika mbavu kwa mazoea.

"Mama Tumsifu, binti yako ananitesa. Wakimpiga yeye, naumia mimi."

"Na hao wanaompiga, umewafanya nini?"

"Wako wanne, mama. Yeye ni mmoja." Akanisogezea kopo la vidonge. "Kimoja kila asubuhi. Leo nimeshampa. Akimeza, hasikii maumivu, na mimi sisikii."

"Huna hata haya, mwalimu?"

"Mama, shule hii haina kesi hata moja ya uonevu."

Nililitupa lile kopo chooni, nikarudi nyumbani. Tumsifu alikuwa jikoni anapika uji. Aliponiona aliipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaja nayo taratibu hadi mezani, huku harufu ya ngozi inayoungua ikimfuata.

"Shikamoo, mama," alisema akitabasamu. "Leo mwalimu amenisifu."